Bahasha Iliyoandikwa "Hamna Kitu"

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila ikinijia nakunja ngumi, mzee mzima kama mimi. Kondakta wa basi la Mombasa alinikabidhi bahasha pale stendi ya Garsen. Juu yake mtu wa studio ya picha alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: HAMNA KITU.

Hamna kitu! Ningekuwa na mabawa ningefika Mombasa jioni hiyo hiyo nikamshike shati.

Ujue kwanza nilikuwa nani. Nilitoka Ngao, kijiji cha jirani na Garsen, bila viatu, nikajisomesha kwa kubeba mizigo bandarini, na miaka ya tisini ikielekea mwisho nikarudi nyumbani na diploma ya ufundi mitambo. Nilirudi pia na darubini niliyoipata kwa mtu aliyekuwa akihama Malindi, vioo vizima, miguu imevunjika. Kigari cha kuibeba nilikiunda mwenyewe kwa mabomba ya maji na bawaba za geti. Hakuna aliyenishikia hata spana.

Nilitaka kupiga picha za nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota. Ni hafifu mno, mengi jicho haliyaoni kabisa. Lakini ukifunga kamera nyuma ya darubini, ukaiacha wazi huku ukizungusha mkono wa chuma taratibu kuifuata nyota, filamu hukusanya mwanga kidogo kidogo, kama mtungi unaokinga manyunyu. Nilifanya hivyo nyuma ya nyumba yangu, shingo ikikakamaa. Na giza la Garsen lilikuwa zuri. Usinitajie Nairobi na mataa yake.

Sasa sikiliza. Huku kwetu karibu na ikweta, mhimili ambao darubini huuzungukia ni lazima ulale, unakaribia kuwa sawa na ardhi. Vitabu vya Ulaya huuonyesha umeinuka mshazari. Mimi niliulaza, na nilikuwa sahihi. Ila ulipolala, kitu kizima kikafanana na mzinga juu ya magurudumu. Na hiyo ndiyo miaka ambayo mabasi yetu yalisindikizwa na askari kwa hofu ya majambazi. Jirani mmoja akachungulia juu ya ua, na habari ikafika kwa chifu: yule mwenye diploma ana mzinga.

Chifu akataka nilete picha nilizodai kupiga, la sivyo darubini ichukuliwe. Nikatuma filamu Mombasa. Jibu ndilo hilo kwenye bahasha, na baraza la chifu lilikuwa mchana huo huo.

Nikaifungua. Yule mtu wa studio aliiosha filamu, lakini hakuchapa hata picha moja. Kwake zote zilikuwa giza tupu. Na kwa kuwa hakuona picha moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, mkasi wake ulipita katikati ya wingu lenyewe, lile lililo karibu na nyota tatu za mkanda wa Jabari, kundi la nyota lenye umbo la mwindaji. Alilikata kama mtu anayekata sabuni!

Barazani nikainua kipande cha filamu kuelekea jua. "Chifu, ona hilo doa."

"Doa la nini? La kidole chako?"

Watu wakacheka. Mzee Barisa, mfugaji wa Kiorma ambaye hata chifu humpisha kiti, akaegemea fimbo yake, akasema kwa Kiswahili chake cha malishoni. "Kijana, bomba yako naangalia juu. Sasa wewe nawinda Mungu?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikafoka. Nikataja diploma yangu, nikamtukana mtu wa Mombasa, nikawaita waliokuwepo vipofu. Hapo shangazi yangu Salome akasimama.

"Wewe, funga mdomo! Mtu wa Mombasa unamtukana kwa sababu amehukumu bila kutazama. Hawa je, umemwita nani atazame? Geti umelitia kufuli, halafu wanuna watu wakichungulia!"

Iliniuma. Sikukubali yote, na hata leo sikubali yote. Mchungulia ua ni mchungulia ua. Lakini nikamwambia chifu, "Baada ya isha geti liko wazi. Njooni muone, kisha mchukue."

Walikuja, chifu na askari wake wa kubeba mzinga. Nikaelekeza darubini chini kidogo ya mkanda wa Jabari, kwenye wingu jingine, ambalo hata jicho hulipata. Mzee Barisa akainama wa kwanza.

"Hamna kitu," akasema.

Mwanangu, neno lile lile la bahasha! Nikaimeza hasira. "Usikodoe, Mzee. Tazama kando ya zile nyota, kama unayemwangalia mkwe kwa pembeni."

Akacheka, akainama tena. Safari hii hakuharakisha kuondoa jicho.

"Ngoja. Iko moshi." Akainua kichwa, akatazama juu kwa macho matupu, akarudi kuinama. "Iko moshi! Nani nawasha moto huko?"

"Nipishe na mimi," chifu akasema. Aling'ang'ania pale mpaka askari wakaanza kunung'unika kwamba zamu yao haifiki. Hakuna aliyekumbuka kubeba chochote.

Filamu iliyofuata niliianza kwa picha ya mchana: Mzee Barisa kando ya darubini, fimbo mkononi, kifua mbele, kana kwamba ameiunda yeye. Hiyo ilikuwa ya kumwonyesha yule bwana wa mkasi aanzie wapi kupima kabla ya kukata. Na juu ya bahasha niliandika mimi, kwa herufi kubwa kuliko zake: KUNA KITU. CHAPA ZOTE. Safari hii wingu la mkanda likarudi zima, jekundu. Liko ukutani hapa ninapoandika.

Basi nakuusia. Mtu akikuambia hamna kitu, muulize ametazama kwa muda gani. Kama hakutazama, kasirika, ni haki yako. Mimi bado nimekasirika. Lakini mfungulie geti, umwonyeshe pa kuweka jicho na pa kuanzia mkasi. Nawe usiliandike neno hilo juu ya kazi ya mtu, wala juu ya mtoto wa mtu, eti kwa kuwa jicho lako limechoka mapema.

Mungu akupe jicho la subira, akuepushe na wenye mikasi ya haraka, na giza likikufikia, liwe giza lenye nyota. Amina.