Mbuzi wa Krismasi Atachinjwa na Nani

Tangu tulipopanda basi asubuhi, swali langu lilikuwa moja tu: mbuzi atachinjwa na nani? Mume wangu alikuwa dirishani, amempakata binti yetu wa miaka minne, anajifunza kusema "mwadila" ili amwamkie baba yangu Kisukuma. Yeye ni Mwislamu wa Tanga, anauza viatu vya mpira na tochi kwa wachimbaji wa Rwamgasa, na mimi nina kibanda cha chakula jirani na duka lake. Baba yangu alikuwa hajawahi kumwona, wala hakutaka. Wazee wa upande wa mume walipoleta habari ya mahari, aliwarudisha na ng'ombe wao, na tangu siku hiyo kwenye simu alimwita "yule mtu wa Rwamgasa". Ndoa tukafunga bomani. Miaka sita sikukanyaga nyumbani.

Mwaka huu mama alipiga simu akasema njooni Krismasi, wote. Sikuuliza kama baba amekubali. Niliogopa jibu.

Kule machimboni jambo la kuchinja halina mjadala. Watu wametoka kila kona, kwa hiyo sherehe iwe ya nani, mnyama anachinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale. Lakini nyumbani kwetu, baba huchinja mwenyewe, kwa kisu chake, kabla ya kwenda kanisani. Nimemwona akifanya hivyo tangu nina akili. Kama angechinja yeye, mume wangu angekula mlenda siku ya sikukuu mbele ya ukoo mzima, nami ningejua kwamba tumeitwa ili tuonyeshwe mlango.

"Nitakula hiyo michembe yenu unayoisifia," mume wangu alinituliza.

Basi tulipofika, jioni kabla ya sikukuu, mama akatuletea chai na kikapu cha michembe yenyewe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa. Alikuwa anakwenda kuvichemsha pamoja na karanga. Mume wangu, kwa adabu nyingi, akachukua kimoja kikavu hivyo hivyo akang'ata. Jamani! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Aliitikia "mwadila", akaipokea shikamoo ya mtoto, kisha akaenda kufunga mbuzi zizini.

Asubuhi mimi, mama na mtoto tulikwenda kanisani. Baba alisema tutangulie. Nikasema moyoni, haya, anataka kuchinja bila mimi kuona. Lakini tuliporudi, mbuzi alikuwa bado amefungwa, anatafuna majani, na mume wangu amekaa peke yake kivulini na kanzu yake mpya.

"Baba yuko wapi?"

"Ametoka na baiskeli mara tu mlipoondoka. Hakuniambia kitu."

Nilipandwa na hasira, nisiseme uongo. Kumbe hakutaka hata kukaa meza moja na sisi! Saa sita ikapita, saa saba, saa nane. Mashangazi wamekuja na watoto wao, mchele umeshachaguliwa, vitunguu vimeshakatwa, nyama hakuna. Mvua ya usiku ilikuwa imelowesha udongo wetu mweusi wa Kishapu, ule unaoshika mguu ukakataa kuuachia, na hakuna aliyeweza kumfuata. Nikaingia chumbani nikaanza kusukumia nguo kwenye begi.

"Mama, sisi tunaondoka. Nimechoka kudharauliwa."

Mama alikuwa anatwanga karanga. Hakuacha. "Hasira zako na za baba yako zimetoka chungu kimoja," alisema. "Funga begi, lakini kaa."

Ilikuwa inakaribia saa tisa tuliposikia watoto wakipiga kelele njiani. Baba alikuwa anasukuma baiskeli, magurudumu yamejaa tope hayazunguki, suruali imelowa mpaka mapajani. Nyuma yake alikuja mtu mzima amevaa kofia ya vito, kanzu ameikunja kiunoni, viatu mkononi, na kisu kimefungwa kwenye gazeti.

"Huyu mzee wenu," yule mgeni alisema huku anahema, "amegonga milango mitatu ya Waislamu kule Mhunze mjini. Wawili wamesafiri, ndiyo akanifikia mimi. Akaniambia hanywi hata maji mpaka niinuke."

Nilisimama mlangoni nimeshika gauni la mtoto. Tangu asubuhi baba yangu alikuwa kwenye tope, na mimi humu ndani namtukana kimoyomoyo.

Mume wangu alikimbia akampokea baiskeli. "Baba, umejitesa bure. Mimi najua kuchinja. Ungeniambia tu asubuhi, ningechinja mwenyewe."

Baba alimwangalia kama anayesikia upuuzi. Akajifuta tope usoni kwa mkono wa shati.

"Siku yako ya kwanza kwangu nikutume kazi?" alisema. "Watu wangenionaje? Mkwe hatumwi siku ya kwanza. Kaa, uletewe maji ya kunawa."

Mkwe. Alisema mbele ya mashangazi wote, kwa sauti ile ile ya kukaripia, na hakuna aliyethubutu kucheka. Mume wangu alikaa. Mama akaacha kutwanga, akanitazama, akaniambia maji yako jikoni.

Nilipeleka maji. Halafu nikarudi chumbani, nikamwaga nguo zote kitandani, nikalia huku nazikunja upya moja moja.