Tonge la Mnoa Misumeno

Mnoa misumeno wa kiwanda chetu cha mbao hapa Montana ana vidole vyenye makovu na sauti ndogo, kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kila mchana huvua kofia yenye theluji, huweka mkate wake wa soseji mezani, hufumba macho na kushukuru kwa sauti. Chumba kizima cha kulia humcheka. "Mchungaji, mkate unapoa!" Lorne, mpasua mbao mwenzetu, humwambia. "Omba kimoyomoyo kama sisi, babu. Unatutia aibu." Yeye huendelea hadi amina.

Jana alikuja amechoka sana, ametoka zamu mbili mfululizo. Alikaa na kofia yake kichwani, akauma mkate moja kwa moja. Lorne akapiga meza. "Hatimaye! Karibu kwa watu, babu!" Wakampigia makofi, na Lorne akamsogezea kikombe chake mwenyewe cha kahawa. Sijapata kuona wakimfurahia vile. Alitafuna polepole, kisha akaacha. Akalitema lile tonge kiganjani, akavua kofia. Makofi yakakatika. Akafumba macho na kuanza kushukuru, sauti ikimtetemeka kwa uchovu. Kabla hajafika amina, Lorne alikuwa amekivuta kikombe na kuinywa ile kahawa.