Mhudumu wa Gauni la Kijani

Hili lilinipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe, na kiwiko hiki kisichonyooka ndicho shahidi wangu. Cheka ukitaka.

Wazazi wetu walikuwa wameshafariki wote. Mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule darasa la sita nikawalea wadogo zangu. Wakati ule serikali inapunguza watu kazini, mdogo wangu Minza akaugua. Tulimvusha kwa kivuko mpaka Kigongo, tukamfikisha hospitali moja mjini Mwanza, akapasuliwa tumbo. Homa ikamvuruga akili. Kila saa anataka kushuka kitandani, na kitanda chenyewe kimeinuka juu, hakina vizuizi pembeni.

"Akianguka mshono ukaachia, tumempoteza," sista wa zamu aliniambia. "Haja amalizie kwenye chombo. Usibanduke hapo, dada."

Basi nikachukua kanga ya marehemu mama, ncha moja nikaifunga mkononi mwake, nyingine mkononi mwangu. Akisogea tu, naamka. Siku tatu hivyo.

Siku ya nne asubuhi, nimelegea kwa njaa, akaja mama mtu mzima, kavaa gauni la kijani la wahudumu, kabeba chombo cha haja kimejaa pomoni. Inzi wametanda juu yake, wala hawaruki. Uvundo ule, niamini, ulinikaa mpaka kwenye ulimi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Nenda kanywe uji, mwanangu. Nitamshika mimi."

Mtu mzima akikutuma, utabishana naye? Nilifungua fundo, nikampa ncha ya kanga. Vidole vyake viliteleza kama utumbo wa samaki kamongo.

Kwenye korido nikakutana na sista. "Mgonjwa umemwachia nani?"

"Mhudumu, yule wa gauni la kijani."

"Kijani? Hao walipunguzwa wote! Nimebaki peke yangu wodi nzima!"

Tulikimbia. Yule mama alikuwa anamwaga kinyesi kando ya kitanda, anakisambaza taratibu kwa unyayo, kama anayesiriba nyumba. Na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mama yetu tuliyemzika: "Shuka, Minza. Shuka twende nyumbani."

Minza ameshasimama ukingoni mwa kitanda, anatabasamu.

Nikajirusha. Niliteleza kwenye uchafu ule, mdomo wazi, Minza akaniangukia mimi badala ya sakafu. Kiwiko kikavunjika. Mshono ukashika.

"Tema, dada! Tema!" sista analia huku ananifuta. Nilipoinua uso, mama yule hayupo. Kanga tu, imelowa.

Leo Minza ana watoto watatu. Kanga siwezi kuitupa, ni ya mama. Nimeifua kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga wa ziwani. Mvua ikikaribia inanuka tena, na siku hiyo chakula hakinipiti kooni.

Nawe unayeuguza, usimwachie mtu mgonjwa wako kwa sababu kakuita mwanangu. Mwamkie kwanza, usikie marahaba. Asipoitikia, usifungue fundo.