Mwaridi Uliokatwa Kabla ya Ramadhani

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa sina mvi hata moja. Ukishakabidhiwa bustani ya bibi yako, watu wanaanza kukuuliza mambo ya kizee, na wewe unajikuta unayajibu.

Siku hiyo mtaani kwetu Bagamoyo watu walikuwa wanavunja jungu, Ramadhani imeshagonga mlango. Natoka jikoni na sinia la pilau, namkuta bibi yangu, Bi Mosi, kajifunga kanga kiunoni anaukata mwaridi wake. Tena siyo kupunguza kidogo. Anakata! Mti ulionizidi kimo umebaki vijiti vya kunifika magotini, matawi yamelala chini na maua yake, kuku wanayadonoa.

Nilitaka kulia. Dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa mara tu baada ya Idi, na alikuwa ameomba kitu kimoja: asingwe, asuguliwe mwili mzima, kwa mawaridi ya mti ule, kama alivyosingwa marehemu mama yetu. Singo ya dukani hakutaka hata kuisikia.

Shangazi Tatu, aliyekuja kutoka Mkange kwa ajili ya shughuli, akashika kiuno.

"Jamani, bibi yenu kashachoka akili huyu! Bi harusi tutamsinga na nini, na kuni?"

Mimi mdomo wangu hauna breki. "Shangazi, shikamoo yako nilishakupa asubuhi. Sasa bibi yangu muache, anajua anachofanya."

Na hapo sijui chochote, mwanangu! Natetea kitu ambacho mwenyewe nakiona balaa. Lakini bibi asemwe mbele yangu ninyamaze? Hata angekuwa anaichoma nyumba ningesema alikuwa anafukuza mbu.

Bibi wala hakunishukuru. "Punguza moto, wewe, hujaulizwa. Chuchumaa hapa uone." Akanionyesha kwenye kijiti kivimbe chekundu, kidogo kama punje ya mtama. "Hili ni jicho. Linatazama nje. Nakata juu yake kidogo, kwa mshazari, maji yasituame. Ningeacha lile linalotazama ndani, matawi yangesongana, upepo usipite, maradhi yaingie."

"Na harusi, bibi?"

"Nikiukata watu wakivunja jungu, unachanua Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi. Mama yako nilimfanyia hivi hivi."

Basi mwezi mzima wa mfungo nikawa naumwagia maji niliyooshea samaki wa futari, mbali kidogo na shina kama alivyonielekeza. Siku zikaenda, vijiti ni vijiti. Shangazi kila akipita uani, "Vipi, kuni zetu zimeota?" Nikawa nameza maneno kwa ajili ya saumu yangu, si kwa ajili yake.

Halafu alasiri moja, koo limenikauka, nakwenda kuangalia tu. Macho yamepasuka! Kila mahali palipokatwa, chini yake kuna vijani vyekundu, laini kama sikio la mtoto mchanga. Subhanallah. Kijiti kikavu, hakuna aliyekigusa, na ndani yake kulikuwa na haya yote yanasubiri. Nilichuchumaa pale mpaka wakaniita kwenye futari mara ya tatu.

Vitumba vilipotokea, tawi moja lina vitatu, vinne, nikaanza kushangilia. Bibi akaniambia nivitoe vya pembeni kwa kucha, kila tawi libaki na kimoja.

"Bibi, si tunataka maua mengi?"

"Tunataka maua. Hivyo vyote vikibaki utapata vifungo vya shati. Toa."

Nikatoa. Kila kimoja naona namnyang'anya dada yangu.

Idi ikapita. Asubuhi ya kumsinga Zuhura nikafungua mlango wa uani, na harufu ikanipokea kabla sijaona kitu. Mawaridi mekundu, mazito, matawi yameinama kwa kuyabeba. Shangazi Tatu akaja nyuma yangu, akasema polepole, "Mashaallah," akaenda kuleta ungo mwenyewe.

Yakatwangwa pamoja na liwa, ule mti wa kunukia, bibi akamsinga mjukuu wake kwa mikono yake. Zuhura akanusa kiganja chake.

"Bibi, mama naye alinukia hivi?"

"Hivi hivi."

Zuhura akamnyooshea na kiganja cha pili.

Basi ninalokuambia ni hili, mwanangu. Mwaridi usiuonee huruma. Tafuta kisu kikali, anza na tawi lililokauka, kisha lile linalosuguana na mwenzake, kisha kata juu ya jicho linalotazama nje. Ukimaliza, mwagia maji uondoke. Usiuchokonoe kila saa, maana kinachofanyika mle ndani si kazi yako wala yangu, ina mwenyewe. Na mzee wako akishika kisu ukaona anaharibu, mtetee kwanza mbele za watu. Kumuuliza utamuuliza, lakini umuulize ukiwa umechuchumaa karibu yake, uone anapokata.

Mwenyezi Mungu akupe mkono usio na woga na moyo wa kungoja. Akuweke mpaka na wewe uwasinge wajukuu zako kwa maua uliyoyaotesha mwenyewe. Amina.