Zamu ya Jumamosi ya Hilkka Kuosma

Hilkka Kuosma hakuwahi kunipenda, nami sikuwahi kumpa sababu. Tulikaa jengo moja Kallio, Helsinki: yeye ghorofa ya pili kwenye chumba kimoja na jiko, mimi ghorofa ya tano. Katikati yetu kulikuwa na fleti mbili nilizozinunua zikiwa zinanuka sigara za marehemu wenye nyumba, nikazipaka rangi nyeupe na kuzipangisha kwa wageni wa mwisho wa wiki. Wanaingia Ijumaa, wanatoka Jumapili. "Watu wa siku mbili," Hilkka alikuwa akiwaita, na ukisikia anavyotamka ungedhani anataja kunguni.

Alikuwa anawafahamu kuliko mimi. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye meli za abiria zinazokwenda Stockholm jioni na kurudi, akisafisha vyumba vya watu waliopanda kujistarehesha. Aliwatandulia mashuka, aliokota viatu vyao vya mguu mmoja, alifuta walichotapika ukutani.

"Mtu usimwangalie anapofika," aliniambia siku moja kwenye ngazi. "Kila mtu anafika vizuri. Ingia alikolala akishaondoka." Kisha akamtazama mgeni wangu aliyekuwa anapandisha sanduku, likigonga kila kipandio. "Huyu ataondoka na taulo."

Aliondoka nalo.

Alikuwa mrefu, mkavu, nywele amezikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni. Hakuolewa. Aliishi na dada yake Aune, ambaye naye alisafisha meli ileile, na walipostaafu kampuni iliwapa zawadi: tiketi mbili, safari ya mapumziko hadi Stockholm, chumba chenye dirisha. Habari hii nimesimuliwa na wengi na haibadiliki. Walipanda. Hilkka akaingia chumbani, akapiga magoti, akapitisha kidole chini ya sinki, akaenda kumtafuta msichana wa usafi akamgombeza mpaka akalia. Asubuhi walishuka Stockholm, wakanywa kahawa gatini, Hilkka akasema ni ghali na imepoa, wakarudi melini. Aune alitaka kwenda kuona mji. Hilkka akamwambia mji haukimbii. Kitanda walikitandika wenyewe, asije mtu akawasema.

Sasa, ile saa ya Jumamosi. Sauna ya jengo letu, chumba cha kuogea mvuke, iko chini kabisa, na kila nyumba ina saa yake moja kwa wiki. Saa hazilingani. Jumanne alasiri ni ya mtu asiye na mtetezi. Jumamosi saa kumi na mbili jioni ni kiti cha enzi: wiki imekwisha, chakula kiko kwenye oveni, mawe yamepata moto wa kutosha. Hilkka na Aune waliipata wakiwa bado melini, na walipanga likizo zao, magonjwa yao na ugomvi wao kuizunguka. Ukiwa na saa hiyo huipotezi mpaka uhame au ufe. Aune alipofariki, watu walingoja kidogo kwa heshima, halafu wakaanza kuuliza kama mtu mmoja bado anahitaji saa nzima. Mmoja aliuliza palepale mazishini. Si mimi. Mimi niliuliza wiki iliyofuata.

"Nikifa," Hilkka alinijibu. "Na hata hapo nitajikokota."

Mnielewe. Mgeni anayekuja Helsinki mwisho wa wiki anataka sauna siku ya Jumamosi. Zamu yangu ilikuwa Alhamisi. Alhamisi mgeni wangu yuko kwao, bado anakunja soksi. Niliuza vitu vya marehemu kwenye gulio la Hietalahti kabla sijawa na hata dirisha la kwangu, na najua bidhaa ikikosa kitu kimoja, mnunuzi anakikumbuka hicho tu.

Kwa hiyo nilianza kwa kuisafisha foleni. Waliokuwa mbele yangu kuingojea Jumamosi nikawatoa mmoja mmoja: huyu nikamwachia nafasi yangu ya baiskeli, yule nikampa stoo. Nikawa wa kwanza. Lakini foleni ya kumngojea Hilkka afe ni ndefu hata ukiwa wa kwanza, maana mwanamke yule alikuwa na moyo wa trekta. Ikabaki kubadilishana. Ossi Hakomäki, mwenyekiti wa kamati ya jengo, mtu anayevaa tai kukagua mapipa ya taka, alisema kubadilishana zamu lazima kupite kwenye kamati. Kwenye mkutano wa mwaka nikasimama nikasema huo ni urasimu wa bure. Majirani wawili wakikubaliana, wamwarifu Ossi, basi. Watu wakatazama kahawa zao. Kwetu anayepinga ndiye anayewachelewesha wenzake kurudi nyumbani, kwa hiyo hakuna aliyepinga. Hoja ikapita.

Hilkka alikuwa nyuma, koti mwilini, anakula andazi. Nikamfuata.

"Haya Hilkka. Alhamisi yangu kwa Jumamosi yako. Na nitakutengenezea bafu."

"Bafu langu lina nini?"

"Limezeeka."

"Hata mimi nimezeeka, Marjut. Utanipaka rangi nyeupe?"

Mapatano yakafia hapo. Basi walipokuja mume na mke kutoka Lyon, watu wapole, wakaniuliza kuhusu sauna, niliwaonyesha mlango wa chini. Sikuwaambia waingie. Niliwaonyesha tu ulipo, na funguo zao zinafungua milango yote ya pamoja ya jengo.

Jumamosi jioni wakateremka, wamevaa nguo za kuogelea, simu mkononi. Hilkka alikuwa benchi la juu kama watu wote wanavyokaa, bila uzi. Mahali pengine angepiga kelele. Kwetu sauti unaivua pamoja na nguo. Akasogea kidogo kuwapisha. Kisha akachukua kata, na kama adabu inavyotaka, akamgeukia aliyekaa naye kabla ya kumwaga maji kwenye mawe.

"Niongeze?"

Mfaransa akaitikia kwa kichwa, watu wale hawawezi kukataa kitu. Akaongeza. Akauliza tena. Wakaitikia tena. Akaongeza. Mume alitoka wa kwanza, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akakaa sakafuni chumba cha kuvulia nguo ameshika kichwa. Mke akafuata. Na kutoka ndani ikaja sauti: "Mlango! Mnatoa joto!"

Nilimkuta Hilkka uani baadaye, amejifunga taulo kwenye baridi, anatoa moshi mwili mzima kama sufuria.

"Umewachoma wageni wangu!"

"Niliwauliza. Wakakubali."

"Hawajui Kifini, Hilkka!"

"Basi wasingekubali."

Nikajiandaa kwa matusi. Wageni siku hizi wakikuta unywele wanauandikia dunia nzima. Wale wa Lyon wakaandika kwamba katika safari yao yote, makumbusho, bandari, supu ya samaki, hakuna kilichowagusa kama bibi wa sauna. Hatabasamu, waliandika. Hatasema karibu. Nendeni.

Wakaja. Majira yote ya baridi walikuja: Wadachi, Wakorea, manesi wawili wa Manchester. Jengo zima tulitegemea Hilkka atafunga komeo la ndani. Hakufunga. Alikuwa anawasubiri. Nilimwona Jumamosi mchana akipasua kuni za ziada, maana jiko letu bado ni la kuni, anatabasamu peke yake. Kila jioni aliwatoa mbio, na kila aliyetoka mbio alikwenda kuandika. Yeye alidhani ananifilisi. Mimi nikapandisha bei.

Pauliina Tiensuu wa ghorofa ya tatu, mwenye watoto watatu wa kiume ambao hata polisi wangewarudisha, alinisimamisha kwenye ngazi. "Huoni aibu? Ile ni saa yake ya kupumzika."

"Anapumzika vizuri tu. Muulize."

Ningeishia hapo ningekuwa bado nakula. Lakini fleti ya pili ilikuwa na nafasi siku za Ijumaa, na Ijumaa saa moja jioni sauna ilikuwa tupu. Nikafikiri: Hilkka akishuka mara mbili kwa wiki? Nikanunua mkate mtamu wa iliki, ule mkubwa wa kusukwa, nikagonga mlango wake.

Chumba chake kilikuwa kama cha meli. Kitanda kimenyooshwa hadi ungeweza kukipigia rula. Akanimiminia kahawa, maana kumnyima mtu kahawa ni uadui wa wazi, na yeye alipenda uadui wake ukae chini kwa chini. Nikaeleza: Ijumaa kidogo, malipo kwa saa, hahitaji kubadili chochote. Ili kumlainisha nikamfungulia simu.

Akavaa miwani. Akasoma taratibu.

"'Mkali kama dubu aliyeamshwa.' Huyu ni nani?"

"Yule Mdachi mrefu."

"Aliyelia?"

"Huyohuyo. Amekupa nyota zote."

Akasoma nyingine. Na nyingine. Kahawa yake ikapoa.

"Kwa hiyo wanakuja kwa ajili yangu."

"Wengine wanauliza kwanza kama upo, ndipo wanalipa."

"Nimekuwa nakufanyia kazi."

"Si kazi, Hilkka, ni—"

"Melini walinilipa. Mshahara wa mbwa, lakini walinilipa, na nilikuwa nimevaa." Akanirudishia simu kwa vidole viwili. "Wewe umenitumia bure, nikiwa uchi."

"Ndiyo nimekuja tupatane!"

"Mkate uache. Wewe nenda."

Nilitoka nikiwa na matumaini. Mtu anayepokea mkate bado yuko sokoni, ndivyo nilivyojua mimi.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na wageni wa Vienna waliopanga miezi kabla, mahususi kwa ajili ya bibi. Waliteremka saa kumi na mbili wamejiandaa kwa vita. Haukupita muda wakarudi, viatu vinachuruzika.

"Kuna watoto," mume akasema.

"Watoto gani?"

"Wamenimwagia maji. Ya baridi."

Nikashuka ngazi mbilimbili. Ndani jiko lilikuwa vuguvugu tu, joto la kukaushia soksi. Kwenye ndoo alielea papa wa plastiki. Vijana watatu wa Pauliina walikuwa wanapigana kwa makata, na mama yao amejilaza benchi la chini, macho amefumba.

"Pauliina! Unafanya nini humu?"

"Naogesha watoto."

"Hii ni saa ya Hilkka!"

"Tumebadilishana. Ossi ameshaarifiwa. Si ndiyo utaratibu?" Akafumbua jicho moja. "Si wewe uliyeupigania?"

Mdogo akanirushia papa.

"Umempa nini?"

"Jumanne yangu. Saa tisa alasiri."

"Na nini tena?"

"Basi. Nilitaka kumpelekea mkate, akasema anao, ametoka kupewa." Akainuka, akanisukuma kistaarabu hadi nje, na nikasikia komeo, ambalo halikuwahi kutumika tangu niuhamie mtaa huu, likiingia mahali pake.

Nilijaribu. Nilimtafutia Pauliina kila nilichoweza kumtafutia. Akasema Jumamosi watoto wanalala kabla ya taarifa ya habari, na kama nina kitu kinachoshinda hicho nilete. Sina. Foleni niliyoisafisha kwa jasho langu ikawa foleni ya kungoja wavulana watatu wazeeke. Wageni wakaanza kuandika kwamba fleti ni safi, nyeupe, na haina dubu.

Jumanne ya pili yake nikashuka saa tisa. Haikuwa saa yangu, lakini komeo lilikuwa wazi. Hilkka alikuwa benchi la juu, na jiko alilichochea kama la garimoshi. Akanitazama. Akasogea kidogo. Nikapanda.

Mwanga wa alasiri ulipita kwenye kidirisha, ukaonyesha mbao zilivyochakaa. Saa hii hakuna kitu kinachopendeza: watu wako kazini, nje lori la taka linarudi nyuma likilia.

"Umepoteza Jumamosi," nikamwambia. "Wewe na Aune mliishika—"

"Humu usimtaje."

"Umempa mtu anayeoga maji ya uvuguvugu. Ili kunikomoa mimi tu."

"Ndiyo."

"Na umepata nini?"

"Umekosa wewe."

Hakusema kwa furaha. Alisema kama mtu anayetaja uzito wa mzigo aliokwisha kuubeba. Mkono wake ulikuwa umeshaushika mpini wa kata, na niliona alivyokonda tangu baridi ianze. Kumuuliza afya? Hatukuwa na uhusiano wa namna hiyo.

"Niongeze?" akauliza.

"Ongeza."

Mvuke ukapanda ukanishukia masikioni. Mimi ni binti wa Kuopio, nimezaliwa karibu kabisa ndani ya sauna, simkimbii mtu.

"Niongeze?"

"Ongeza."

Lori la taka likaondoka. Hilkka alikaa wima, viganja magotini, macho ukutani, na jasho likimtiririka puani kama bomba bovu. Hakuwa anashindana. Angekaa vilevile bila mimi, na hilo ndilo lililonichosha kuliko joto.

"Niongeze?"

Nikateremka benchi. "Nina mgeni wa kupokea," nikasema.

"Jumanne?"

Nikaenda zangu. Nilikuwa bado natafuta taulo chumba cha nje nilipomsikia.

"Mlango, Marjut. Unatoa joto."

Nikaufunga.