Paa la Gari la Mnunuzi wa Pamba

Majina yao wote ninayo: la mwenye gari, la mama yake, hata la ng'ombe aliyekuwa akifungwa nyuma ya gereji. Siyaandiki kwa sababu wajukuu wao tunakaa nao benchi moja kanisani. Lakini jambo lenyewe nitaliandika. Limenikaa kifuani tangu miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga, na sioni kwa nini nife nalo.

Mume wangu alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari hapa Homa Bay. Gereji yake ilikuwa kibanda cha nguzo nne na mabati. Mimi nilikuwa nikifinyanga vyungu, kazi niliyoachiwa na mama yangu kule Kendu Bay, pamoja na kijiwe chake cheusi cha kulainishia, laini kama jicho la samaki. Mfinyanzi hutumia mikono miwili isiyoonana: mmoja ndani ya chungu, mwingine nje. Wa ndani unasukuma, wa nje unasikia. Macho hayana kazi kubwa pale.

Basi mvua ya mawe ikanyesha upande wa Oyugis. Ikalaza mahindi, ikalikuta gari la mnunuzi mmoja wa pamba limesimama wazi. Gari dogo la bluu, jipya. Boneti na paa vikawa kama uso wa mtu aliyepona ndui. Akalileta kwa mume wangu, akasema, "Fundi, ukilinyoosha bila kuharibu rangi, malori yangu mawili utayashika wewe. Ukilivuruga, kila mtu atajua."

Hicho ndicho mume wangu alichokitaka maishani: watu wajue kwamba Homa Bay kuna fundi, si kila bati lipelekwe Kisumu.

Akashika nyundo, akaanza na shimo moja la boneti. Rangi ikapasuka kama ganda la yai. Akakaa juu ya tairi kuukuu. Nilikuwa nimemletea uji.

"Unalipiga kwa nini?" nikamuuliza. "Bati limeshapigwa na Mungu. Lisukume."

"Nyar Kendu," akasema, maana ndivyo alivyoniita, binti wa Kendu, "huu si udongo."

"Kwani nimesema ni udongo?"

Nikaenda nyumbani kuchukua kijiwe. Tukangoja jua la saa sita lipashe bati, maana rangi ikiwa baridi hupasuka. Yeye akapinda chuma, mimi nikafunga kijiwe kwenye ncha kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Mkono mmoja chini ya boneti, mwingine juu. Huanzi katikati ya shimo, ukianza hapo bati linaota chuchu. Unaanza ukingoni, unazunguka kidogo kidogo, kama unavyofunga mdomo wa chungu. Nikafumba macho. Shimo la kwanza lilipotoweka, mume wangu alicheka peke yake kama mtoto.

Kazi ikachukua siku saba. Paa tuliliendea kwa ndani: tukashusha kile kitambaa chake, nikalala chali juu ya viti nikisukuma, naye nje ameweka kiganja.

"Hapo?"

"Hapo. Kidogo. Basi, basi!"

Siku hizo saba ndizo nilizompenda zaidi. Naliandika hilo pia.

Siku ya saba mwenye gari akaja kabla ya wakati, na mama yake mzee mwenye fimbo. Wakakuta miguu yangu imetokeza mlangoni.

"Fundi, hiyo miguu ni ya nani?"

"Ni mke wangu, Bwana," mume wangu akajibu. "Anafagia ndani."

Anafagia! Na kijiwe bado kilikuwa mkononi mwangu. Nikatoka, nikasimama.

"Sifagii," nikasema. "Nimemaliza paa lako. Lipapase."

Akalipapasa kutoka mbele hadi nyuma. Kiganja chake kilikwenda kama juu ya maji. Akatabasamu, na angeendelea kutabasamu kama si mama yake.

"Yawa, mwanangu! Paa lako limeshikwa na mwanamke?"

Kwetu mwanamke hapandi kuezeka nyumba ya mume aliye hai. Akipanda, ni kama ametangaza kwamba mwanaume hayupo tena. Mwiko huo naujua, na sijauvunja. Lakini huo ni wa nyumba na nyasi zake! Gari lina mafiga? Nani alioa akamleta bibi arusi kuishi ndani ya gari?

"Mama," nikamwambia, "mimi sikupanda juu. Nilikuwa chini yake. Mwanamke gani hakai chini ya paa?"

Wapita njia wakacheka. Yeye hakucheka. "Anamletea mwanangu chira, laana ya kuvunja mwiko, na bado ana mdomo!"

Yule mnunuzi, mtu wa tai, msomaji wa gazeti la Kiingereza, akatazama viatu vyake. Kisha akasema, "Fundi, lipige wewe. Mara mbili tu. Ili kazi iwe ya mwanaume."

"Usithubutu," nikamwambia mume wangu.

Akaokota nyundo. Hakunitazama. "Nyar Kendu, ni mara mbili tu."

Akapiga. Akapiga tena. Siku saba zangu zikaingia bonde la ukubwa wa sahani, upande wa dereva, rangi imeruka. Mama mzee akasema, "Sasa ni gari la mtu." Na mnunuzi akampa mume wangu mkono: "Hongera, fundi."

Hongera!

Malori yakaja kweli. Kila lilipokuja na shimo dogo, mume wangu alizunguka nyuma ya nyumba nilikokuwa nafinyanga.

"Nyar Kendu, hili ni la mlango tu. Si paa."

"Lipige," nilimjibu. "Mara mbili tu."

Alinibembeleza miaka. Kijiwe kilibaki kwenye vyungu.

Siku moja nilipeleka vyungu vyangu soko la Oyugis. Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi. Lile gari la bluu lilikuwa limesimama kando ya njia, mwenyewe ndani na gazeti lake, na juu ya kichwa chake lile bonde limejaa maji. Nikatua vyungu, nikaingiza mikono yote miwili, nikanawa uso polepole. Maji yakamwagikia kioo.

Akashusha kioo. "We mama! Unafanya nini?"

"Nanawa, Bwana," nikasema. "Karai hili nilitengenezewa na mume wangu."