Mafuta Niliyompelekea Baba Mkwe

Mtu akiniletea moteri ya zamani, simuulizi kwanza inaumwa wapi. Namuuliza imezoea kunywa nini. Wengi hucheka. Wanaona fundi anapoteza muda, wakati wao wameshanunua bido, yaani dumu la mafuta lililovuka mpaka asubuhi hiyo, linang'aa, lina picha ya gari la mashindano. Picha hainibabaishi. Gereji yangu iko Kavimvira, karibu na barabara ya mpakani, na pampu za kumwagilia mpunga na mashine za kusaga muhogo za bonde la Ruzizi zimepita mikononi mwangu hadi nimeacha kuzihesabu. Kwenye mafuta ya moteri kuukuu sibahatishi, na anayebisha aje tubishane.

Joto la huku bondeni linataka mafuta mazito, namba arobaini. Ukipanda milimani, ambako asubuhi moteri inakataa kuzunguka kwa baridi, namba thelathini inatosha. Hilo kila fundi atakuambia. Wasilokuambia ni kwamba mafuta ya kisasa yana dawa ya kusafisha ndani yake. Kwenye moteri mpya dawa hiyo ni neema, maana inabeba masizi na filta inayanasa. Moteri nyingi za zamani hazina filta. Zilikulia mafuta matupu, yasiyo na dawa, yanayouacha uchafu utulie chini ya tumbo la moteri, na ukishatulia hausumbui mtu. Mimina ya dawa juu ya matope ya miaka mingi, na yote yanaamka kwa pamoja.

Nayasema haya kwa ukali kwa sababu nilijifunza kwa kuharibu, tena niliharibu mali ya baba mkwe wangu.

Nilikuwa nimeoa mwaka uliotangulia kosa hilo. Kazi yangu wakati huo ilikuwa magari tu, na kichwa kilikuwa kimenivimba kidogo. Baba mkwe anaishi mlimani, njia ya Lemera, mahali ambapo gari linakuacha na unamalizia kwa miguu. Ana mashine ya kusaga muhogo, moteri ya dizeli ya silinda moja yenye magurudumu mawili makubwa, ambayo wanaume wa kilima kile waliipandisha kwa mabega kabla mke wangu hajazaliwa. Kilimani hapo hakuna nyingine. Mashine hiyo ikinyamaza, wanawake hubeba muhogo mgongoni kushuka bondeni na kurudi na unga, na kwa mzee jiko linakuwa halina uhakika.

Mkwe haendi ukweni mikono mitupu. Wengine hupeleka sukari, kitenge, au samaki wakavu wa ziwani. Mimi nikasema, fundi mzima, nitapeleka kitu cha fundi. Nikachagua mafuta ya kisasa kuliko yote, bido zima la lita tano, nikalibeba begani kupanda mlima huku mke wangu akinifuata na kunitania kwamba leo nimeoa bido. Nilikuwa na raha, siwezi kuficha.

Je, niliuliza mashine ile imezoea kunywa nini? Sikuuliza. Kwetu mkwe hamhoji baba mkwe juu ya mali yake, ni kama kumkagua nyumba. Yeye naye hakatai kitu cha mkwe, na zawadi ya mkwe hutumika mkwe akiwa bado yupo, aone kwamba imepokelewa. Adabu mbili hizo zilikutana juu ya moteri moja.

Mzee alilishika bido kwa mikono miwili, akalisoma polepole, akafungua kifuniko na kunusa.

“Hii mafuta, mukwe, iko inasafishaka?”

“Inasafisha kila kitu, Papa!” nikajibu kwa kifua mbele. “Hata uchafu wa zamani utatoka.”

Akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni anatabasamu, akasema, “Sawa, mukwe. Aksanti sana.” Akamwaga mafuta ya zamani, akatia yangu mbele yangu. Tukawasha. Ikaunguruma vizuri, nami nikashuka kesho yake nikijiona mkwe wa maana.

Wiki mbili baadaye shemeji yangu alipiga simu. Mashine imelia kama chuma kinakatwa, halafu imesimama, haizunguki tena. Nilifunga gereji siku hiyo hiyo, nikapanda na vifaa vyangu, mke wangu pamoja nami.

Nilipofungua tumbo la moteri, nilijua kosa ni la nani kabla sijanawa mikono. Chujio dogo la waya linalokaa mdomoni mwa pampu ya mafuta lilikuwa limezibwa na tope jeusi. Dawa yangu ilikuwa imebandua masizi ya miaka yote, yakaenda kuziba pale pale mafuta yanapopita. Moteri ilikuwa imekunywa hewa. Kusine, ule utando wa chuma laini ambao mhimili huzungukia, ilikuwa imeyeyuka.

“Papa,” nikasema, “ni mafuta yangu.”

“Hapana, mukwe,” akajibu haraka. “Mafuta ilikuwa muzuri. Mashini njo iko muzee.”

Nikamwonyesha chujio. Akageuza uso, akarudia kwamba mashine ni mzee, kila kitu kina mwisho wake. Alinitetea dhidi yangu mwenyewe, na kadiri alivyonitetea ndivyo nilivyozidi kutamani ardhi inimeze.

Wakati huo mama mkwe aliingia na kapu la unga mgongoni. Alikuwa ametoka bondeni kwa miguu, jasho linamtoka, na uvumilivu ulikuwa umemwisha. Akalitua kapu chini.

“Mwambie ukweli,” akamwambia mumewe. Kisha akanigeukia. “Siku mulishuka, alisema: hii mashini imekwisha. Alijua tangu alinusa. Nikamwambia amwage ile mafuta, akakataa: ni zawadi ya mukwe.”

Nilishikwa na hasira, na nilimkasirikia mzee kuliko nilivyojikasirikia mimi. Kilima kizima kimekosa unga, mama huyu amebebeshwa mzigo, kwa sababu ya neno moja ambalo hakulitamka! Nikasahau adabu.

“Papa, kwa nini hukunikataza?”

Alikaa juu ya kinu cha mbao, akajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

“Ningekukataza mbele ya binti yangu?” akasema. “Ulipanda mulima na ile kitu ku bega. Yeye alikuwa anakuangalia. Miye nimwambie, bwana yako hajui kazi?”

Mke wangu alikuwa ameinama anaokota nati zilizodondoka, na aliendelea kuziokota hata zilipokwisha.

Nilitengeneza moteri ile kwa siku tano. Nilishuka mjini kutafuta kusine, nikaisugua hadi ikakaa sawasawa, nikaosha tumbo la moteri kwa dizeli mara tatu mpaka chuma kikaonekana. Siku ya kuwasha nilipanda na mabido mawili: moja la kisasa kama lile la kwanza, moja la mafuta matupu, namba thelathini, lisilo na picha yoyote. Kusema kweli, baada ya kuosha vile, hata ya kisasa yangefaa, mradi yabadilishwe mapema. Nilikuwa na hoja zangu na nilikuwa tayari kuzitetea.

Lakini niliyaweka yote mawili miguuni pake, mama mkwe na mke wangu wakiwa wamesimama pale.

“Papa, tuweke gani?”

Alinitazama, akamtazama binti yake. Mdomo ukafunguka, ukafumba. Niliona jinsi inavyomgharimu. Nikangoja, sikumsaidia.

“Hii,” akasema mwishowe, akigusa bido lisilo na picha. Kisha akalisukuma lile la kisasa kwa mguu, taratibu, mpaka likagusa kiatu changu. “Hii hapana, mukwe. Sitaki.”

“Ndiyo, Papa,” nikasema, na tangu nimwoe binti yake sikuwahi kujisikia mtoto wa nyumba ile kama saa hiyo.